Mizani Haimpimi Mama Mjamzito Yote

Mama mjamzito anavua viatu, anapanda mizani, kisha anageuza uso ili asisome namba. Mhudumu anaisoma kwa sauti, na waliopo kwenye foleni wote wanaisikia. Naamini mazungumzo yetu kuhusu unene na ujauzito huharibikia papo hapo, kabla hata ushauri haujatolewa, kwa sababu mtu aliyeaibishwa hasikii tena anachoambiwa, na wengine huanza kuahirisha kliniki.

Sisemi kwamba uzito si kitu. Unene uliokithiri huongeza uwezekano wa kupata kisukari cha mimba, shinikizo la damu na kujifungua kwa upasuaji, na mama ana haki ya kuelezwa hayo waziwazi. Aelezwe pia kwamba ujauzito si wakati wa kujinyima chakula ili akonde: mwongozo wa Marekani wa mwaka 2009 unapendekeza mama mwenye unene huo aongezeke kilo 5 hadi 9 hivi kwa ujauzito mzima. Shirika la Afya Duniani nalo linawashauri wajawazito wasio na kizuizi cha kiafya wafanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki, na kutembea kwa mwendo wa haraka kidogo kumo.

Hata hivyo, ushauri una mipaka yake. Utafiti wa UPBEAT, uliofanywa Uingereza kwa wajawazito wanene 1,555 na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba waliosaidiwa kubadili ulaji na mazoezi walibadilika kweli, wala uzito wao haukuongezeka sana kama wa wenzao, lakini kisukari cha mimba hakikupungua. Kwangu hiyo ni sababu ya kuacha kumlaumu mama kila majibu ya vipimo yanapokuwa mabaya, na kumuuliza tusiyomuuliza: usingizi unakuja? Mgongo na magoti yanamruhusu kupanda ngazi? Usiku anawaza nini?

Maswali hayo ndiyo yanayonifanya nithamini mazoezi ya utulivu wa akili, ambayo Jon Kabat-Zinn, mwanasayansi wa Marekani, alianza kuwafundisha wagonjwa katika jimbo la Massachusetts mwaka 1979. Mtu huelekeza fikra kwenye kinachotokea sasa hivi, iwe ni pumzi au teke la mtoto, bila kujihukumu. Mama aliyeketi mbele ya sahani anaweza kutulia kidogo na kujisikiliza kama tumbo ndilo linalodai au ni wasiwasi wa mchana kutwa. Hilo halitibu kisukari wala halichukui nafasi ya daktari, lakini linampa nafasi ya kuamua bila kujichukia.

Wahudumu nao wana sehemu yao. Mkanda wa kupimia presha ukiwa mdogo kuliko mkono wa mama, husoma namba kubwa kuliko ilivyo. Kwa hiyo mkanda mpana uwepo chumbani, kiti kisimbane nyonga, na uzito wake aonyeshwe yeye peke yake, kwenye kadi yake.