Triga: kufuata aina ya safuwima au kujichagulia?

Anayeandika triga (msimbo unaojiendesha wenyewe jedwali linapobadilishwa) kwenye hifadhidata za PostgreSQL au Oracle ana njia mbili za kutangaza kigeu, yaani jina linaloshika thamani kwa muda. Anaweza kutaja aina yenyewe, tuseme `varchar(50)`, maandishi yasiyozidi herufi 50, au akaandika `mwanachama.jina%TYPE`, yaani kigeu kifuate aina ya safuwima ya jina, iwayo yote. Wengi tumefundishwa kwamba hii ya pili ndiyo ya kistaarabu. Mimi nakubali nusu.

Chukua mfumo wa chama cha kuweka na kukopa kwenye PostgreSQL. Safuwima ya jina ilikuwa ya herufi 50, ikapanuliwa hadi 100, lakini ndani ya triga kigeu kikabaki `varchar(50)`. Siku akija mwanachama mwenye majina manne marefu, triga inagoma, na kwa kuwa inafanya kazi ndani ya muamala uleule (hatua zinazofaulu au kufutwa kwa pamoja), usajili wote unafutika. Karani anaambiwa jina limezidi urefu. Fundi akitazama jedwali, nafasi ipo tele. Unaweza kusaka kosa hilo kutwa nzima. `%TYPE` ingeliepusha, ingawa kama triga inanakili jina kwenye jedwali la kumbukumbu lenye herufi 50, mambo yatakwama huko.

Hesabu zikiingia, utiifu huo unageuka mtego. Riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi na inakokotolewa kila siku: 0.015 ukigawa kwa 30 ni 0.0005, hivyo mkopo wa shilingi 800,000 unazaa 400 kwa siku. Mwandishi anatangaza kigeu cha kiwango kwa `akaunti.salio%TYPE`, na salio ni `numeric(12,2)`, yaani namba ya tarakimu 12, mbili kati yake zikiwa za desimali. Kigeu kinarithi hata zile desimali mbili. 0.0005 inakuwa 0.00, riba inakuwa sifuri, na hakuna anayeonywa. Afadhali lile kosa la jina, lilipiga kelele. Kigeu kinachozaliwa na hesabu nakipa `numeric` isiyo na mipaka, napunguza desimali mara moja tu, wakati wa kuandika kwenye mstari wa jedwali.

Wapo wanaopendelea `real`, aina ya namba za desimali zenye usahihi wa kukadiria, na hoja yao si ya kubeza: kichakataji huikokotoa moja kwa moja, ilhali `numeric` hupita kwenye programu, na triga inayofyatuka kwa kila mstari huuhisi uzito huo mistari ikifika milioni. Kwa vipimo vya joto, sawa. Kwa fedha, hapana. `real` ina biti 24 za usahihi. Ikifika 16,777,216, ukiongeza shilingi moja jibu ni lilelile 16,777,216. Ongeza tena, haitikisiki. Kwa dola huo ni utajiri. Kwa shilingi za Tanzania ni bei ya gari lililotumika.

Kuna pia kosa ambalo kambi zote mbili, ya `%TYPE` na ya kujichagulia, hazilioni. Seva iko kwenye saa za UTC (saa ya kimataifa, saa tatu nyuma ya Dar), muamala unafanyika saa nane usiku Dar es Salaam, na triga inaandika `current_date`, yaani tarehe ya leo. Kwa seva bado ni saa tano usiku, kwa hiyo muamala unaandikwa jana. Safuwima ikiwa `date`, `%TYPE` itanakili kosa la aliyebuni jedwali kwa uaminifu wote. Hapo dawa haimo ndani ya triga pekee: ni kubadili safuwima iwe `timestamptz`, inayohifadhi wakati kamili, triga iandike `now()`, na tarehe ya Dar itolewe wakati wa kusoma.