Matsuzaka hakuvunjwa na mirusho 250 peke yake

Akitajwa mrushaji Mjapani Daisuke Matsuzaka, mashabiki wa besiboli hukimbilia siku moja: 20 Agosti 1998, robo fainali ya mashindano ya shule za sekondari za Japani, uwanjani Koshien. Mechi ya kawaida ina zamu 9, na katika kila zamu timu zote mbili hupiga. Ile ya shule ya Yokohama dhidi ya shule ya PL Gakuen ilifika 17, na Matsuzaka, kijana wa Yokohama wa miaka 17, akairusha yote mwenyewe, mirusho 250. Kesho yake alianza akidaka mipira sehemu ya nje ya uwanja, kisha akaitwa kufunga zamu ya 9. Siku ya tatu, kwenye fainali, hakuna mpigaji aliyepata pigo halali hata moja kwake.

Basi hukumu hutolewa hapo hapo: mkono uliishia Koshien. Nakubali nusu tu. Mkono uliokwisha hauvuni ushindi 108 katika misimu 8 pale Seibu Lions, klabu yake ya kulipwa Japani.

Mimi naanzia Boston, Marekani. Klabu ya huko, Red Sox, iliwalipa Seibu dola 51,111,111.11 kwa ruhusa ya kuzungumza naye tu, kisha ikampa mkataba wa dola milioni 52 kwa miaka 6. Mwaka 2008 alishinda mechi 18, akapoteza 3. Rekodi tamu, ila inadanganya. Katika mechi 29 alizoanza alimaliza zamu 167 na theluthi mbili, yaani chini ya zamu 6 kwa mechi, na akawapa wapigaji 94 kituo cha kwanza bure kwa mipira minne mibaya. Huyo ni mrushaji anayechoka mapema.

Japani alirusha mara moja kwa wiki. Marekani siku yake ya kurusha ilirudi kila baada ya siku 4 au 5. Mpira wa kule huteleza zaidi, na asiyeuamini mpira huubana, kigasha kikachoka. Tena alizoea kurusha sana kati ya mechi ili kuurudisha mkono kwenye mkao wake, jambo ambalo klabu ililipunguza. Kila upande ulikuwa na hoja, ila mwili ulikuwa mmoja.

Mwaka 2009 alikwenda kuichezea timu ya taifa ya Japani akificha jeraha la nyonga; baadaye alikiri. Hapo ndipo naweka kidole. Nguvu ya mrusho huanzia mguu wa nyuma, hupita nyonga, kiwiliwili, na mkono huja mwisho. Nyonga ikigoma, deni hulipwa na kiwiko na bega. Msimu ule alishinda 4, akapoteza 6. Juni 2011 kiwiko kikapasuliwa ili kano iliyochanika ibadilishwe na nyingine. Bega likafuata 2015, na miaka mitatu katika klabu ya Softbank, Japani, ikamwachia mechi moja tu ya kikosi cha kwanza.

Tangu 2020 Koshien ina kikomo: mirusho 500 kwa wiki kwa kila mrushaji. Hatua njema, lakini isomeni tena. Kwa kanuni hiyo, mirusho 250 ya siku moja ingali halali.

Mwaka 2018, akiwa klabu ya Chunichi, Japani, alishinda mechi 6, na wengi wakadhani amefufuka. Tarehe 19 Oktoba 2021 aliagwa kwa kustaafu akiwa na jezi ya Seibu, namba 18. Alirusha mipira 5 kwa mpigaji mmoja, akampa kituo bure. Wa kasi kuliko yote ulikwenda kilomita 118 kwa saa. Alipoanza, 1999, alikuwa akifikisha 155.