Meli ya Mjomba Ilivyommulika Mama Mdogo

Mwenyekiti wa kamati alitaka meli iwake mpaka watu wa Ukerewe waione. Ndivyo alivyosema, na katibu akaandika kwenye muhtasari, kwa hiyo asije mtu akaniambia eti zile taa nilichagua mimi.

Kamati ilikuwa ya kumuaga mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekuwa anastaafu ubaharia. Ujana wake umeishia kwenye MV Victoria, ile iliyoundwa Scotland, ikaletwa vipandevipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Siku hizi, tangu ikarabatiwe, imeongezewa jina la Hapa Kazi Tu, lakini mjomba hilo halitamki. Kwake ni Victoria, njia ni Mwanza, Kemondo, Bukoba, basi.

Zawadi iliyopendekezwa kwanza ilikuwa ng'ombe. Ikaanguka, maana nyumba ya mjomba iko juu ya mawe ya Kirumba, huko hata mgeni mwenye begi anapanda akiomba dua. Ng'ombe angefikaje? Ndipo mtu akakumbuka kwamba mimi huwa natengeneza vijumba vya maboksi vyenye taa ndani. Nikapewa kazi: meli ndogo ya plaiwudi na manila, urefu wa meza, madirisha yanawaka, taa za ubavuni zinawaka, kila kitu.

Nilienda kikaoni na taa mbili za LED za milimita 3, ili wajumbe waone tofauti. Moja ilikuwa na kichwa cheupe cha ukungu, ya pili kichwa chake kimeng'aa, unaona mpaka ndani. Nikachukua betri bapa ya volti 3, mguu mrefu upande wa chanya, mfupi upande wa hasi, nikaziwasha moja baada ya nyingine. Nikaeleza kwa utaratibu. Hii ya kichwa angavu haina mwanga mwingi kuliko mwenzake, ila mwanga wake wote unasukumwa mbele, kwenye pembe ya nyuzi 20 au 30 hivi. Hii ya ukungu inasambaza, nyuzi 60 na kuendelea. Kwenye dirisha la meli ndogo tunataka dirisha lenyewe ndilo lionekane linawaka, hatutaki litoboe macho ya watu. Tena tuchukue yenye mwanga wa njano, Kelvini 3000 hivi, maana hii nyeupe ya 6000 ni ya wodini.

Mwenyekiti akaichukua ile angavu, akaielekeza kwenye jicho lake mwenyewe, akakaa kimya kidogo huku machozi yanamtoka.

"Hii ndiyo taa," akasema.

Mama mdogo, ambaye ndiye mweka hazina, akauliza bei. Nikamwambia zote bei moja.

"Bei moja, na hii inawaka zaidi. Sasa tunajadili nini, baba?"

Mikono ikanyooshwa. Ajenda iliyofuata ilikuwa pilau, na hiyo ilichukua saa nzima.

Mnapaswa kumjua mama mdogo kidogo. Anauza dagaa pale Mwaloni. Sado yake, kile kindoo cha kupimia, kitako kimebonyea kwa ndani, na ukimuuliza anasema ilianguka. Imeanguka kila mwaka tangu niko darasa la tatu. Fedha za kamati zikiwa mikononi mwake hazipotei hata shilingi, ila pia hazitoki. Aliponikabidhi za kununulia vifaa alihesabu mara mbili, akaniangalia, akahesabu tena.

Dukani yule kijana akanipimia taa zangu angavu, nyeupe za madirisha, nyekundu na kijani za ubavuni, akanitupia rezista moja, kile kipande kidogo cha kuupunguza umeme usiunguze taa.

"Inatosha zote, kaka."

Haitoshi. Nyekundu inaridhika na volti 2 hivi, nyeupe inataka 3. Ukiziweka sambamba kwenye rezista moja, nyekundu inauvuta umeme wote kwake na nyeupe zinabaki zimekodoa macho gizani. Nikadai rezista kwa kila taa. Umeme ungetoka kwenye betri ya pikipiki, volti 12. Toa 3 za taa zinabaki 9, gawa kwa miliampia 20, yaani ampia 0.02, unapata rezista ya omu 450, kwa hiyo nikachukua za 470. Kwa chombo kidogo vile hata miliampia 4 zingetosha, lakini mimi ni nani nibishane na muhtasari?

Kazi ilienda vizuri. Nilipoona manila inapitisha mwanga na ubavu mzima wa meli unang'aa mwekundu wa nyama, nikapaka rangi nyeusi kwa ndani, tabaka mbili, ikatulia. Zikabaki taa za ubavuni. Kanuni ya majini inajulikana: kushoto nyekundu, kulia kijani. Nikazishikiza kwa selotepu kila moja upande wake, nikatoka kwenda kuazima pasi ya kuchomelea kwa jirani.

Niliporudi nikamkuta mama mdogo amekuja kukagua matumizi.

"Nimeangalia tu hivi vitaa vyako, mwanangu. Nimevirudisha palepale."

Sasa, taa ya kichwa angavu ikiwa imezimwa haina rangi. Nyekundu, kijani, nyeupe, zote ni tone la maji. Zingekuwa za ukungu zenye rangi yake kichwani hata mtoto wa chekechea angejua ipi ni ipi. Nikachomelea kama nilivyozikuta. Baadaye nikaiwasha, nikasimama mbele ya meli, nikaitazama usoni: nyekundu kushoto. Safi. Ilikuwa kushoto kwangu, sawa, lakini kushoto ni kushoto.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Ukumbi wenyewe uko upande wa ziwani, milango mikubwa imeachwa wazi kwa ajili ya upepo. Meli iliwekwa juu ya meza ya keki, mbele ya mjomba na mchungaji, ubavu mmoja umeelekea kwao na ule mwingine umeelekea kamati na wageni. Mshereheshaji akaomba taa za ukumbi zizimwe. Fundi muziki akaweka honi ya meli. "Mabibi na mabwana, Victoria inang'oa nanga!"

Nikagusisha waya kwenye betri.

Kila dirisha likatoa mshale. Mchungaji akaupata wa kwanza katikati ya paji la uso, akainamisha kichwa, na waumini wa meza ya nyuma wakadhani tunaanza sala, nao wakainama. Mpiga picha akakinga macho kwa kamera yake. Mzee mmoja kutoka Magu akauliza kwa sauti kama polisi wameingia. Na kwenye meza ya kamati, duara la mwanga mweupe, upana wa sinia, likatua juu ya mama mdogo wakati ameshika mapaja mawili ya kuku, anayatia kwenye mfuko wa rambo.

Mifuko hiyo serikali iliipiga marufuku tangu Juni 2019. Wa kwake alikuwa ameutunza.

Chakula kilikuwa bado hakijafunguliwa. Hakuna aliyesema neno. Mama mdogo akalitazama duara, akasogea kushoto, akaingia kwenye la dirisha la pili. Akarudi kulia, la kwanza likampokea. Mwishowe akasimama wima, akainua paja moja juu, akatangaza, "Nilikuwa naonja chumvi!" Ukumbi ukavunjika kwa kicheko, na mshereheshaji, mtu asiye na huruma, akasema kwenye kipaza sauti kwamba mweka hazina anakagua mali za kamati.

Ningezima pale, mambo yangeisha. Ila waya ulikuwa umeshanaswa chini ya mguu wa meza ya keki, na huwezi kuinyanyua meza yenye keki ya ghorofa tatu gizani. Ndipo wadudu wakaja. Mtu wa Mwanza anawajua, wale wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi. Taa nyeupe wanaipenda kupita kiasi, na usiku ule kwenye ukumbi wenye giza taa nyeupe ilikuwa moja tu. Wakaingia kwa milango yote. Wakajaa sitahani, wakajaa kwenye bomba la moshi, wengine wakatua kwenye krimu ya keki na kubaki hapohapo. Meli ikawa na abiria wengi kuliko kibali.

Katikati ya hayo mjomba akainuka. Akaizunguka meli pole pole, mikono nyuma, akipangusa wadudu kwa leso. Nikajua sasa nitashukuriwa.

"Mjomba," akaniita. Sisi tunaitana hivyo wote wawili. "Hii meli inaenda wapi?"

"Bukoba, mjomba."

"Hapana. Inarudi nyuma."

Akaomba kipaza sauti, akapewa, na hapo ndipo sherehe ilipomponyoka mshereheshaji. Mjomba akaeleza kwamba baharia usiku haoni meli, anaona taa. Akiona nyekundu anajua huo ni ubavu wa kushoto wa mwenzake, akiona kijani ni wa kulia, na kwa hayo anajua nani ampishe nani. Ukizigeuza, meli inayokuja inaonekana inakwenda, mnagongana mkiwa mnapungiana mikono. Kila taa ya ubavuni, akasema, inaonekana nyuzi 112 na nusu, kuanzia mbele kabisa mpaka kupita ubavu kidogo. Ya mlingotini nyuzi 225. Ya nyuma 135. "Jumlisheni hizo mbili!" Wageni wakaanza kujumlisha, wengine kwenye simu. Mchungaji ndiye aliyepata 360 wa kwanza, akapigiwa makofi.

"Na ya nyuma iko wapi, mjomba?"

Ya nyuma haikuwapo kwenye bajeti. Nikamwonyesha mweka hazina kwa kidole.

Keki ililiwa upande mmoja tu.

Wiki iliyofuata mjomba akanirudishia meli na orodha ya matengenezo kwa mwandiko wa kitabu cha zamu. Nikafungua paa, nikakwangua vichwa vya taa zote kwa msasa laini mpaka vikawa na ukungu, nikavipaka wino wa njano wa kukolezea maandishi, nikatoa rezista za 470 nikaweka za 4,700. Nyekundu na kijani zikahama. Ya nyuma ikapatikana, kwa fedha yangu. Madirisha sasa yanawaka taratibu, unaweza kuitazama huku unakula. Mjomba ameiweka juu ya kabati na kila jioni anaiwasha saa kumi na mbili na nusu, akiandika mahali fulani kwamba ameiwasha.

Kikao cha kuvunja kamati kilifanyika kwa mwenyekiti, kwa soda na mishikaki. Suala la kuku halikuwa kwenye ajenda, na lilipokaribia kuingia kwenye mengineyo, mama mdogo alifunga kwa sala. Wakati wa kutoka akanivuta pembeni, karibu na geti.

"Zile taa za kwanza, kabla hujazikwangua. Bado zipo dukani?"

"Zipo, mama. Unazitaka za nini?"

"Za kibandani kwangu, Mwaloni. Wateja wa jioni wanalalamika giza." Akaangalia nyuma, akapunguza sauti. "Unifungie moja juu. Iwamulike dagaa tu, baba. Sado isiguswe."