Kuhamisha Picha Si Kuzihifadhi

Wiki tatu zilizopita shemeji yangu alifika akiwa amebeba diski ya nje aliyoifunga kwa kitambaa, akiishika kwa mikono miwili. Tulipoichomeka kwenye kompyuta ilizunguka, ikatoa mlio mdogo wa kugonga, ikanyamaza, kisha ikagonga tena. Ndani yake mlikuwa na picha za miaka minane: watoto wake wawili tangu siku walipozaliwa, na miaka ya mwisho ya baba yake, ambaye sasa ni marehemu. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu: "Shemeji, si wewe uliyeniambia nizihamishie huku?"

Ndiyo, ni mimi. Kompyuta yake ilikuwa imejaa hadi ikawa inakwama, nikamshauri anunue diski ya terabaiti 2, nikakaa naye jioni nzima tukihamisha folda moja baada ya nyingine, na ule mstari mwekundu unaoonyesha kwamba nafasi imekwisha ulipogeuka kuwa wa buluu tulifurahi sote wawili. Tangu siku hiyo aliiita diski ile "bekapu yangu", nami sikumsahihisha. Ninaandika makala haya kwa sababu ya neno hilo nililoliacha lipite.

Kiswahili kimetupa vitenzi viwili vilivyo wazi kabisa, kuhamisha na kunakili, na tunavichanganya kana kwamba ni kimoja. Aliyehama nyumba hana nyumba mbili. Ana nyumba ile ile moja, mahali pengine. Picha zilizotolewa kwenye kompyuta zikawekwa kwenye diski ya nje, kisha zikafutwa kwenye kompyuta ili ipumue, hazijahifadhiwa nakala yoyote. Zilikuwa mahali pamoja, na sasa ziko mahali pamoja. Tena mara nyingi mahali hapo papya ni pabaya kuliko pa zamani, kwa kuwa diski ya nje hubebwa mkobani, huning'inizwa kwenye waya mfupi pembezoni mwa meza, na huchomolewa kabla haijamaliza kuandika.

Nimelifikiria sana kosa hili, kwa kuwa sikulifanya kwa ujinga. Nilijua kanuni zote ninazozieleza hapa. Naamini chanzo chake ni kwamba haja ya nafasi na haja ya nakala hutujia siku moja, na moja tu kati ya hizo ndiyo yenye sauti. Simu inapojaa hukwambia. Kompyuta inapojaa hukwambia, hukukatalia kufungua faili, hukulazimisha kushughulika. Lakini hakuna kifaa hata kimoja kinachokuonya siku ambayo picha ya baba yako imebaki nakala moja tu duniani. Kwa hiyo tunaitikia sauti tunayoisikia: tunanunua nafasi, tunahamisha, onyo linatoweka, na utulivu tunaoupata tunadhani ni usalama.

Walio karibu walimfariji shemeji kwa kumwambia kwamba ajali haina kinga. Nawaheshimu kwa nia yao, lakini nakataa. Ajali ni jambo ambalo lingeweza kutokea au lisitokee. Kufa kwa diski hakumo katika kundi hilo. Diski ya kuzunguka ina sahani zinazokwenda kwa kasi, katika zile ndogo za kubeba mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani hizo kwa umbali unaohesabiwa kwa nanomita, mwembamba kuliko unywele kwa maelfu ya mara. Kifaa cha namna hiyo kitakufa, na swali lililobaki ni siku gani. Jambo lenye uhakika namna hiyo lina kinga, nayo ni nakala ya pili.

Hapa niseme neno kwa yeyote anayesikia mlio ule wa kugonga leo: zima diski mara moja. Usiichomeke tena "kujaribu bahati", wala usiipitishie programu ya kurejesha mafaili, maana kichwa kilichoharibika hukwaruza sahani kila zinapozunguka, na kilichokwaruzwa hakirudi. Shemeji alikuwa ameijaribu kwa siku nne kabla ya kuja kwangu. Mafundi waliobobea, ambao hufungua diski katika chumba kisicho na vumbi, waliturudishia jibu baada ya siku kumi kwamba hapakuwa na kitu cha kuokoa.

Watu wengi hujibu simulizi hili kwa kusema, basi nunua SSD, yaani diski inayoandika kwenye chipu badala ya sahani. Ni kweli haina sehemu inayozunguka, haiogopi kuanguka kama diski ya kawaida, na kwa kazi ya kila siku ni bora kwa mbali. Hata hivyo hufa kimya kimya, mara nyingi bila dalili, na picha iliyofutwa humo ni ngumu zaidi kuirudisha. Isitoshe, hutunza data kwa chaji ya umeme inayovuja polepole isipowashwa, kwa hiyo si kitu cha kuandika mara moja na kukifungia kabatini kwa miaka kumi. Flashi nazo nisiziseme sana. Zimejaa zile za bandia, zinazojitangaza kwa kompyuta kuwa na terabaiti 1 huku ndani zina gigabaiti chache, na kila picha inayozidi kiwango halisi hupotea bila ujumbe wowote wa kosa. Flashi mpya ijazwe yote na kusomwa tena kabla haijakabidhiwa picha hata moja, na programu za bure za kufanya hivyo, kama vile H2testw na F3, zipo.

Kanuni yenyewe ni ya zamani na ni fupi. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kwa tarakimu tatu, 3-2-1: nakala tatu za kila picha, katika vifaa vya aina mbili tofauti, na moja kati ya hizo ikae mbali na nyumba. Tarakimu ya mwisho ndiyo inayopuuzwa zaidi. Diski mbili zilizowekwa kwenye droo moja huibwa na mwizi mmoja, huungua kwa moto mmoja, huloa kwa maji yale yale. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo zima la kituo cha data cha kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja waligundua siku hiyo kwamba nakala zao rudufu zilikuwa palepale pamoja na data waliyokuwa wakiilinda. Ikiwa hilo liliwapata watu wenye mafundi na vyumba vya kisasa, hatuna sababu ya kujidanganya kuhusu droo zetu.

Sasa nifike kwenye hifadhi ya wingu, yaani kuweka picha kwenye kompyuta za kampuni kupitia intaneti, kwa kuwa najua wengi walioisoma makala haya mpaka hapa wamekwisha kusema moyoni kwamba wao picha zao ziko huko na hayawahusu. Sipingi wingu. Mimi mwenyewe ninalitumia, na ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupata ile nakala ya mbali. Ninachopinga ni kulifanya wingu kuwa nakala pekee, kwa sababu huduma nyingi tunazotumia hazikuundwa ziwe ghala. Ziliundwa zilinganishe vifaa, na kulinganisha maana yake ni kwamba unachokifanya hapa kinafanyika na kule. Mtoto akifuta folda kwenye simu, folda inafutwa kila mahali. Katika Google Photos picha uliyofuta hukaa kwenye pipa la taka siku 60, katika iCloud siku 30, kisha imekwenda. Mtu anayefuta picha za simu "kwa kuwa ziko kwenye wingu" anaweza kuwa anazifuta na huko juu pia, kwa kidole chake mwenyewe.

Upo mtego mwingine ambao nimeuona ukiwanasa watu makini. Simu nyingi zina mpangilio wa kuokoa nafasi, ambapo picha kamili hupelekwa kwenye wingu na simuni hubaki kivuli chake kidogo. Ukiichomeka simu hiyo kwenye kompyuta ukadhani unanakili maktaba yako yote, waweza kukosa picha halisi, na huenda usigundue mpaka siku utakapotaka kuichapa moja kwa ukubwa wa ukuta.

Masharti nayo hubadilika. Google Photos ilipokea picha bila kikomo na bila malipo kwa miaka kadhaa, hadi tarehe 1 Juni 2021. Flickr, tovuti ya kuweka picha, iliwapa watumiaji wa bure terabaiti 1, kisha mwaka 2018 ikatangaza kwamba watabaki na picha 1,000. Silaumu kampuni kwa kubadilisha bei ya bidhaa yake. Lakini wahenga walituambia tusiache mbachao kwa msala upitao, na diski iliyomo nyumbani mwako ndiyo mbachao.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba gharama ipo. Diski mbili ni bei ya diski mbili, na anayepiga picha katika muundo ghafi (RAW), ambapo kamera haiibani picha, na picha moja yaweza kufika megabaiti 30, akiwa na picha 20,000 anahitaji gigabaiti 600 mara tatu. Hilo si dogo. Kwa wengi wetu, hata hivyo, hesabu ni nyepesi mno: picha 20,000 za simu, kila moja megabaiti 4, ni gigabaiti 80 tu. Ni video ndizo zinazotujazia diski, na hakuna sheria inayosema kila video ya kuchekesha tuliyotumiwa ipate ulinzi sawa na picha ya harusi. Anayeshindwa kulinda vyote aanze na folda moja ya picha 500 ambazo angelia kuzipoteza.

Anayebadilisha diski ya ndani ya kompyuta anayo nafasi nzuri ambayo wengi huitupa. Ukishanakili diski ya zamani nzima kwenda kwenye mpya, usiifute ile ya zamani uiuze wiki hiyohiyo. Iweke. Tayari una nakala ya pili, na haikukugharimu chochote cha ziada. Wala usishtuke diski mpya ya terabaiti 1 ikijionyesha kwenye Windows kama gigabaiti 931; mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, na hakuna aliyekuibia.

Jambo ambalo ningependa nisikilizwe zaidi, hata kama mengine yote yatasahaulika, ni kurejesha. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni dhana tu. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za watengenezaji programu duniani kote, alifuta kwa bahati mbaya data kwenye seva kuu. Walipokimbilia nakala zao walikuta kwamba, kati ya njia tano walizokuwa nazo za kuhifadhi na kurudufu data, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Naiheshimu kampuni ile kwa kusimulia kosa lake hadharani bila kuficha, na kila ninapokumbuka simulizi lao huenda kuchomeka diski yangu ya pili, nikachagua picha kumi kutoka miaka mbalimbali, nikazifungua zote kwa ukubwa kamili. Inachukua dakika tano. Kuona orodha ya majina ya mafaili hakutoshi, kwa sababu faili lililooza kwa ndani hubaki na jina lake zima.

Baada ya mafundi kuturudishia jibu, shemeji na mimi tulianza kuokota. Tuliwaandikia shangazi, wajomba, majirani wa zamani, walimu wa watoto, tukiomba kila mtu atutumie chochote alichowahi kutumiwa. Zilikuja, na kila iliyokuja ilitutia furaha na uchungu kwa pamoja, kwa kuwa nyingi zilikuwa zimepita WhatsApp: zimebanwa, nyuso zimepoteza makali, na tarehe ya kupigwa imeondolewa, ikabaki ile ya siku picha ilipotumwa. Shemeji hukaa nazo jioni akikisia mwaka kwa kuangalia meno ya mtoto au urefu wa nywele zake, kisha huandika mwaka huo kwenye jina la faili. Picha ya baba yake akiwa amembeba mjukuu wa kwanza ilitoka kwenye simu ya jirani ambaye hata hakukumbuka kwamba anayo. Ina upana wa pikseli 960.

Folda hiyo sasa ina picha 412. Moja ya nakala zake iko kwenye kompyuta yake, ya pili kwenye wingu, na ya tatu kwenye diski iliyomo kabatini kwangu. Jumamosi iliyopita alipita, akaomba nimtolee ile diski, akaifungua mwenyewe.