Daraja la reli lenye kingo, na letu la kuhesabu mataruma

Jana nimetoka kazini nikapitia Big Four Bridge, mliopo hapa Louisville, Marekani, mnalijua, lile daraja la zamani la reli wanalotembea watu jioni. Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja wa Uvira, Kongo, kitenge kiunoni, anasukuma kigari cha mtoto, na mkubwa wake wa kama miaka minne anakimbia huku anaburuza kijiti kwenye kingo za chuma, kakakakaka. Chini huko mto Ohio umejaa maji ya tope, na yule mama wala hana habari, anaongea na simu. Mimi moyo ukanipasuka. Nimekulia Tanzania, upande wa Kilosa, ng'ambo ya daraja la reli, kwetu mtoto hakimbii darajani.

Wa kwetu mnajua. Kwanza sikio kwenye chuma usikie kama treni inakuja, kimya, alafu viatu mkononi, taruma kwa taruma, vile vipande vilivyolazwa kukingama chini ya reli, na kati ya taruma na taruma unaona maji yanapita chini ya nyayo zako, mimi nilikuwa nahesabu kwa sauti ili nisiangalie chini. Miaka saba ya shule ya msingi.

Sasa hili la huku nalo halikujengwa kwa ajili ya vigari vya watoto jamani. Lilianza kujengwa 1888 likaisha 1895, na lilikula watu 37. Walikuwa wanazamisha sanduku kubwa la mbao mtoni, wanasukuma hewa ndani, vibarua wanachimba huko chini kupata msingi wa nguzo, Januari 1890 maji yakaingia wakafa 12. Desemba 1893 upepo ukalegeza winchi, jukwaa likaachia, vyuma na watu 41 wakaenda mtoni, 21 hawakurudi. Jina lenyewe ni la kampuni ya reli iliyounganisha Cleveland, Cincinnati, Chicago na St. Louis. Treni zilipozidi uzito wakalisuka upya 1928 na 1929 juu ya nguzo zilezile, zile pembetatu kubwa za chuma unazopita katikati yake leo. Mwisho wa miaka ya 60 treni zikahamishiwa daraja jingine, na 1969 wakang'oa njia za kupandia pande zote mbili wakauza skrepa! Ndiyo, hata wao. Likabaki limesimama katikati ya mto zaidi ya miaka 40 bila kugusa bara. Upande wetu wa jimbo la Kentucky wakalifungua 2013, wa ng'ambo jimbo la Indiana 2014, zege chini, kingo, taa, na njia ya kupandia inayozunguka taratibu hata mwenye kiti cha magurudumu anapanda.

Najua kuna watu hapa washaanza, "umekaa huko miaka sita umeanza kudharau kwenu". Sidharau. Reli yetu ya kati ilianza Dar 1905 ikafika Kigoma 1914, babu zetu ndio waliopasua mawe na kubeba vyuma, na mpaka leo mabehewa ya mzigo yanapita, wakati hii ya huku walishaitelekeza kabla mimi sijazaliwa. Najivunia hilo na nawaambia wazungu kazini kila wakiniuliza kama Afrika kuna treni. Na hii ya umeme ya kwenda Dodoma nimeangalia video zake mpaka usiku wa manane, machozi yananitoka.

Lakini mwingine ataniambia reli ni ya treni, mwenda kwa miguu haruhusiwi, kuna kibao. Sawa, kibao kipo. Hicho kibao kinamvusha nani? Mto ukijaa mwezi wa nne, ng'ambo kuna shule na zahanati na soko, mtu apite wapi? Na wa kusema Marekani wana hela, mimi sijaomba taa za rangi. Naomba mbao mbili za kukanyagia pembeni na bomba la kushika, mafundi wa kuchomea wapo Kilosa palepale, hata wiki haiishi. Tunajua watu wanavuka pale, tumejua miaka yote, dereva wa treni anajua ndo maana anapiga honi kutokea mbali, alafu bado tunajifanya daraja lile halina waenda kwa miguu. Hapo ndipo ninapokasirika, na sitaomba radhi.

Rafiki yangu wa darasa la nne alidondokea pale. Alipona, mguu haukunyooka tena. Mama yangu mdogo anavuka mpaka leo, Jumanne na Ijumaa, ndoo ya nyanya kichwani, na jana usiku nimempigia kumuuliza anashika wapi akifika katikati, akanijibu, "Nashika ndoo, mwanangu."