"Hata Kama Yote ni Kweli"

Tarehe 7 Agosti iliyopita, katika kundi letu la WhatsApp la ukoo, shangazi yangu aliandika maneno ambayo bado yananikaa kooni: "Mwanangu, si wewe uliyekuwa wakili wa serikali hiyohiyo? Basi niambie, jicho langu nilipaswa kulidai wapi?" Shangazi alikuwa katikati ya Nairobi siku ile ya mwaka 1998 ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa kwa bomu. Aliposikia kishindo cha kwanza alisogea dirishani, kama walivyosogea wengi, na kioo kikamkuta hapohapo. Mjomba mmoja alimjibu kwa picha ya mshumaa, mazungumzo yakahamia kwenye michango ya harusi, nami nikabaki nimeshika simu.

Jibu ninalijua, na ndilo linaloniudhi. Maelfu ya Wakenya waliifungulia Serikali ya Marekani shauri la uzembe katika ulinzi wa ubalozi wake, na mwaka 2003 Mahakama ya Rufani huko Washington ikalitupilia mbali. Sheria ya mwaka 1946, inayoruhusu serikali hiyo kudaiwa fidia kwa uzembe wa watumishi wake, ina "isipokuwa" nyingi kuliko ruhusa: isipokuwa jambo limetokea nchi ya kigeni, isipokuwa mtumishi alikuwa na hiari ya kuamua, isipokuwa kosa ni la mkandarasi. Watu waliochimbuliwa vifusini wakajikwaa kwenye isipokuwa.

Mimi sikushiriki shauri lile. Kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa kuwatetea mahakamani watumishi wa serikali ya shirikisho walioshtakiwa binafsi, kwa majina yao, na sitaki mtu anisome hapa kana kwamba natubu kuwatetea. Wengi wao hawakuwa wakubwa wa aina yoyote. Nakumbuka askari magereza mmoja aliyeingia ofisini na bahasha mbili. Moja ilikuwa na hati ya wito; nyingine ilikuwa na fomu ya benki ya mkopo wa nyumba, ambayo alikuwa ameijaza yote kwa herufi kubwa nadhifu hadi kufikia swali linalouliza kama mwombaji anakabiliwa na shauri lolote, na hapo wino ulikuwa umeishia. Hakuniuliza habari za Katiba. Aliniuliza ajaze nini. Mkewe, aliyekaa kando yake na mkoba magotini, ndiye aliyeuliza swali gumu zaidi: "Mnamtetea bure, sawa, lakini akishindwa nyumba inayochukuliwa si yetu?" Ikanibidi nimweleze kwamba kwa kanuni zilivyo, mtumishi huomba utetezi kwa maandishi, Idara ya Sheria huamua kama alikuwa kazini na kama kumtetea kuna maslahi kwa Marekani, na suala la nani atalipa kwa kawaida husubiri hadi hukumu itoke. Yaani ndiyo, kwenye karatasi, nyumba ilikuwa yao.

Kwa makosa ya kawaida, kama vile dereva wa posta kumgonga mtu, Sheria ya mwaka 1988 iliweka utaratibu wa maana: Mwanasheria Mkuu akithibitisha kwamba mtumishi alikuwa kazini, jina lake huondolewa na Marekani yenyewe husimama mahali pake. Lakini madai ya kuvunjiwa haki za kikatiba yaliachwa nje makusudi. Huko mtumishi husimama peke yake, na anayemdai hana mwingine wa kumshika.

Na kumshika huyo nako kumekuwa hadithi. Mwaka 1971, katika shauri la Webster Bivens, ambaye maofisa wa dawa za kulevya waliingia nyumbani kwake Brooklyn bila hati na kumfunga pingu mbele ya mkewe na watoto, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kudai fidia. Jaji Harlan alisema kwa mtu kama huyo ni fidia au hakuna kitu. Tangu mwaka 1980 mahakama hiyo haijaongeza hata aina moja mpya ya madai hayo, na Juni 2025 ilikataa kuyafungulia mlango madai ya wafungwa wanaosema walipigwa na askari wa magereza ya shirikisho. Kwa hiyo, hakuna kitu.

Nilikuwa hodari katika kazi hiyo ya hakuna kitu. Silaha yetu ilikuwa pingamizi la awali, na pingamizi hilo lina sentensi niliyoiandika mara nyingi hata vidole viliijua: hata kama yote anayodai mdai ni kweli, shauri hili haliwezi kuendelea. Mfungwa aliyemshtaki yule askari aliandika madai yake kwa mkono, bila wakili, kurasa nyingi zenye mistari iliyopinda. Nilimmaliza kwa kurasa kumi na moja. Hakuna shahidi aliyeitwa, wala daktari wa gereza hakuulizwa aliona nini.

Nilimpigia mteja wangu simu nikitarajia shukrani. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Lakini mimi sikumpiga, wakili. Nilitaka jaji aseme sikumpiga." Nilimweleza kwamba ameshinda. Akaniuliza ameshindaje, iwapo uamuzi unasema hata kama alimpiga. Kwa elimu yangu yote sikuwa na la kumjibu, na ninapowasikia wanasheria wenzangu wakijisifu kwamba kinga hizi zinamlinda mtumishi wa chini, humkumbuka yeye. Kama hakumpiga, tulimnyima kusafishwa jina. Kama alimpiga, tulimnyima mwenzake haki. Aliyeondoka salama ni mwajiri, ambaye hata hakuwa mdaiwa.

Wapo wanaosema kuwa hofu ya kushtakiwa binafsi humtia mtumishi adabu. Labda. Nakubali kwa shingo upande kwamba wapo wawili watatu niliowatetea ambao hofu kidogo ingewafaa. Lakini katika miaka yote tisa sikumwona mteja hata mmoja akitoa dola mfukoni mwake kulipa hukumu, kwa hiyo hofu hiyo inamkosesha usingizi mtu mwadilifu na kumwacha mkorofi akikoroma.

Bunge la Marekani lingeweza kulimaliza jambo hili kwa kifungu kimoja: lililofanywa kwa madai ya kawaida mwaka 1988 lifanywe kwa madai ya kikatiba, serikali isimame mahali pa mtumishi wake, isikilize ushahidi, na ikishindwa ilipe, bila kujificha nyuma ya isipokuwa. Gharama? Serikali inayonunua ndege za kivita isinihubirie gharama. Badala yake tunaambiwa tushangilie kwamba mwaka 2025 majaji wote tisa waliirudisha mahakama ya chini kesi ya familia moja ya Atlanta, ambayo askari wa FBI waliivamia mwaka 2017 baada ya kukosea nyumba. Miaka minane, na bado ni ruhusa tu ya kuendelea kubishana.

Nilimpigia shangazi badala ya kumjibu kundini. Nilimweleza yote haya polepole, pamoja na kwamba hata kifungu ninachokipigania kisingevuka bahari hadi kwake. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Na wale mawakili," akauliza mwishowe, "waliuliza hata ni jicho lipi?"

Nikamwambia shauri halikufika huko.