Daftari la Saa Elfu Kumi

Kijana mmoja wa hapa Mji wa Kale ana daftari la saa zake za kuandika. Nimeliona kwa macho yangu. Kurasa zimepigwa mistari kwa rula, safu moja ya tarehe, moja ya saa ya kuanza, moja ya saa ya kumaliza, na pembeni jumla kwa wino mwekundu. Siku aliponionyesha, jumla ilikuwa 1,340. Alikuja nalo barazani baada ya Alasiri, akaliweka juu ya goti langu na kuuliza, "Ustadh, zikitimia elfu kumi nitakuwa mwandishi?" Hesabu alishaipiga: saa 2 kwa siku, bila kupumzika hata Idi, ni siku 5,000, yaani miaka 13 na ushei. Wala hakuwa akitania.

Elfu kumi hiyo, yaani dai kwamba mtu akifanya mazoezi saa elfu kumi huwa bingwa, aliipata kwa wahamasishaji wa mitandaoni. Wao waliipata kwa Malcolm Gladwell, aliyeivumisha katika kitabu chake cha mwaka 2008, naye aliitoa katika utafiti wa Anders Ericsson na wenzake wawili uliochapishwa mwaka 1993, kuhusu wanafunzi wa fidla katika chuo cha muziki cha Berlin. Kila aliyeipokea alitia chumvi kidogo. Ilipofika Mombasa ilikuwa imeshakuwa kama nauli ya feri: lipa, vuka.

Nimeikalia sana namba hii, na kila nikiirudia naona imedhulumiwa. Kwanza, ni wastani. Kundi la waliotajwa na maprofesa wao kuwa bora kabisa lilikuwa la wanafunzi 10, na elfu kumi ni wastani wa saa zao walipofika umri wa miaka 20. Ericsson mwenyewe alikuja kulalamika kwamba karibu nusu yao walikuwa bado hawajazifikia. Tena, katika umri huo walikuwa wanafunzi hodari tu, si mafundi waliokomaa. Lakini linaloniuma zaidi ni aina ya saa zilizohesabiwa. Hazikuwa saa za kupiga arusini wala za kujifurahisha na marafiki. Zilikuwa saa za mtu kujifungia peke yake, akichapa palepale panapomshinda, kazi aliyopewa na mwalimu, ambaye angemrudia wiki ijayo na kumwambia, hapa bado. Wapiga fidla wetu wa taarabu hawahitaji kufasiriwa hilo. Nyuma ya kila saa palikuwa na sikio la mtu mwingine, na sikio hilo ndilo lililodondoka njiani. Daftari la kijana wetu halina safu yake.

Wanaosema ubingwa ni kipaji cha kuzaliwa nacho nao wana hoja, tena nzito. Mwaka 2014 Brooke Macnamara na wenzake walikusanya tafiti 88 kuhusu mazoezi na ubingwa. Walikuta mazoezi yanaeleza asilimia 26 ya tofauti kati ya watu katika michezo kama sataranji, asilimia 21 katika muziki, asilimia 4 katika masomo, na katika kazi za taaluma haifiki hata asilimia 1. Miaka mitano baadaye alishiriki kuurudia ule utafiti wa fidla, na safari hii walio wazuri na walio bora walikuwa na saa karibu sawa, kama elfu kumi na moja kila upande, ilhali walimu waliwatofautisha bila shida. Kwa hiyo wazee wanaposema fulani kazaliwa nayo, hawasemi ovyo. Nimefundisha ndugu wawili wa tumbo moja, daftari moja, mwalimu mmoja. Mkubwa alitoa jasho, mdogo alitoa mashairi.

Hata hivyo ile "haifiki asilimia 1" hutajwa kwa furaha iliyozidi. Ericsson alijibu kwamba humo mlichanganywa mazoezi ya kila namna, yenye mwalimu na yasiyo na mwalimu. Hapo ndipo ninapomkumbuka mzee mmoja anayepiga taipu barua na hati za viapo karibu na mahakama.

Mzee huyu ana meza, mwavuli na taipureta ambayo herufi yake ya "e" imezibika tumbo. Yuko pale miaka 30 sasa. Tuseme anaandika saa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka: ni saa 1,500. Elfu kumi alizimaliza kabla mwaka wa saba haujaisha, na leo amefikia elfu arobaini na tano. Barua zake za zamani, ambazo nakala zake amezihifadhi kwenye sanduku la bati, zinaanza kwa "Kwa heshima na taadhima, mimi mtajwa hapo juu", na ya juzi inaanza hivyo hivyo, mkato kwa mkato. Nilimuuliza kama aliwahi kufikiria kuibadilisha. "Mwanangu," akasema, "barua ikishapokewa dirishani, imekwisha." Simdharau, katika kazi yake ni fundi, na watu wanapata haki zao kwa mkono wake. Ila katika saa zote hizo hakuna aliyemrudishia karatasi akamwambia sentensi hii imelala. Mtu anaweza kuandika umri mzima akabaki palepale, wala isiwe kosa lake.

Sasa geukia washairi. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa mwanzoni mwa karne ya 19, hakutunga akaweka kabatini. Alijibizana na washairi wa Lamu, na anayejibu hutafuta kwanza pale mwenzake alipoteleza. Malumbano yale tumezoea kuyasifu kama burudani au siasa. Mimi nayaona pia kama darasa. Hata leo, tupa ubeti kwenye kundi la malenga la WhatsApp baada ya Magharibi uone kama Isha itaadhiniwa kabla hujajibiwa.

Kijana wangu alitupa mshororo huu: "Kalamu nimeishika, wino haujanikauka." Haukupita muda, mama mmoja wa Kisauni, ambaye simjui ila kwa picha yake ya waridi, akaandika: "Utao una tisa, mwanangu." Utao ni kipande cha pili cha mshororo, na hapa kila kipande kilitakiwa silabi nane. Tukahesabu kwa vidole. Ka-la-mu-ni-me-i-shi-ka, nane. Wi-no-ha-u-ja-ni-ka-u-ka, tisa kweli. Kijana akaitoa ile "ni": wino haujakauka. Nane. Na tazama kilichotokea: silabi iliyotoka haikuwa na kazi. Wino ukikauka, umemkaukia nani mwingine kama si mwenye kalamu? Alidhani anarekebisha hesabu tu, kumbe ameondoa neno la bure. Dakika tatu zile, kwa maoni yangu, zinashinda saa nyingi za lile daftari.

Mtetezi wa kipaji ataniuliza: na Abdilatif Abdalla je? Mzaliwa wa Mombasa, alifungwa mwaka 1969 kwa waraka wa kisiasa akiwa bado kijana, akakaa miaka mitatu, akatunga kwa siri juu ya karatasi za chooni mashairi yaliyotoka mwaka 1973. Saa elfu kumi alizipata wapi, na nani alimsahihisha kule ndani? Swali la haki. Ila alilelewa katika nyumba ya tungo, na kaka yake Ahmad Nassir ni malenga wa kutajwa. Masikio yake yalianza kuhesabu mizani kabla mkono haujashika kalamu, na saa za namna hiyo hakuna anayeziandika daftarini. Isitoshe, shairi la arudhi, yaani la vina na mizani, huja na msimamizi wake. Kina kikikataa kimekataa, hata selo ikiwa tupu.

Nathari haina msimamizi huyo. Insha yenye maneno mia ya bure inasimama vizuri tu, hakuna kidole kinachobaki hewani. Nadhani ndiyo sababu huchukua muda mrefu zaidi. Ronald Kellogg, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 2008 kwamba stadi ya uandishi hukua kwa zaidi ya miaka 20 tangu utotoni. Mtoto huanza kwa kumwaga anachokijua, kisha hujifunza kukigeuzageuza anapoandika, na mwisho kabisa ndipo huweza kumbeba msomaji kichwani pamoja na maneno yake. Hatua ya mwisho wengi hawaifiki. Mimi nilianza kuionja siku mhariri mmoja aliponikatia aya tatu za utangulizi na kunirudishia makala inayoanzia ya nne. Nilinuna wiki nzima. Alikuwa sahihi, na alikuwa mtu wa kwanza kunifanyia hivyo baada ya miaka kumi na moja ya kuandika.

Nimemwambia kijana aongeze safu moja: nani kasoma, kasema nini. Aliporudi kurasa za nyuma kuijaza, katika saa 1,340 alipata mara sita, nne kati yake ni kutoka kundi lile la malenga.

Hapo ndipo nami nilipokwama. Nilichukua ukurasa wake mmoja wa hadithi, alioandika kwa dakika 20, nikausahihisha kwa haki. Ulinila dakika 50. Mwalimu wa shule mwenye wanafunzi 50, akimpa kila mmoja dakika 10 tu kwa insha moja, anahitaji saa 8 na dakika 20, na Jumatatu inakuja insha nyingine. Ndiyo maana daftari linarudi na "28/40, jitahidi" na hakuna zaidi. Tukiwaambia vijana wa mji huu kwamba saa zisizo na msomaji hazihesabiki, lazima tuseme pia msomaji atatoka wapi. Kwa sasa yuko yule mama wa Kisauni, na niko mimi, Jumamosi, mpaka kahawa iishe.